Shimo la Bukari

Mzee Gaston alikuwa na kawaida moja: kila kitu kilichoharibika, alimjua aliyekiharibu, na huyo aliyekiharibu alikuwa amekaa ofisini. Mfereji wa avenyu ukiziba, ni wakubwa wa komini. Umeme ukikatika siku tatu, ni wakubwa wa juu zaidi. Panya akitoboa gunia la unga, basi na yeye alitumwa. Clotilde, mke wake, alimwacha aseme mpaka amalize, halafu anamuuliza, "Sasa, papa, utakula ao utaendelea kuhukumu?" Naye anakula.

Sasa Clotilde hayuko. Jumamosi hii inayokuja mwaka utatimia, na pale mtaani Kikula mwaka wa kilio hauishi wenyewe kama kalenda. Ni watu wanaoumaliza. Wanakuja kwenye lupango lako, pale uani kwako, wanaomba, unatolewa kile kitambaa cheusi kilichoshonwa kwenye mkono wa shati, kisha watu wanakula. Na kabla ya kula kuna jambo ambalo wanawake wa avenyu ile hawakulifanyia mchezo. Mwenye kilio anachukua mwiko mkubwa, mrefu kama mpini wa jembe, anamkabidhi kwa mikono miwili mwanamke atakayesonga bukari, ule ugali wao, ya sufuria ya kwanza. Sufuria ya pili na ya tatu, wanawake wanajipangia. Ya kwanza ni ya heshima. Mahubiri ya pasta yanasahaulika wiki ileile, lakini aliyesonga sufuria ya kwanza anatajwa miaka.

Jumanne mchana Mama Mbombo alikuja kupanga mambo. Huyu aliuza samaki wa kukauka sokoni, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa avenyu nzima: mwili wa kujaza mlango, sauti ya kusimamisha treni. Alikaa kwenye kibao, akagawa kazi. Fulani sombe ya majani ya muhogo, fulani samaki, fulani maji.

"Sufuria ya kwanza, minye mwenyewe nitasonga," alimaliza. "Clotilde alikuwa ndugu yangu. Unaitika, Papa Gaston?"

"Naitika," alisema Gaston. Kwake mwiko ulikuwa kipande cha mti.

Hapo mlango wa bati ulilia, Reine akaingia na baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile inayozungushwa kwa mikono. Reine alikuwa mshonaji, aliishi lupango la nne kutoka pale pamoja na mama yake, mzee Angèle. Polio ilimchukua miguu akiwa mtoto wa miaka mitatu. Lakini mikono, ukimpa mkono kumsalimu, ni weye utaomba urudishiwe.

"Mama Mbombo," alisema, "na minye munipe kazi ya Jumamosi."

"Kazi gani, mwanangu?"

"Sufuria."

Mama Mbombo alicheka, si kwa ubaya. "Reine, weye ukuye tu ukae. Kiti yako iko. Tutakuletea sahani ya kwanza, mbele ya pasta."

"Mwiko inashikwa na mikono, mama. Haishikwe na miguu."

"Na sufuria je? Sufuria ya kilio unaifinya na mguu isizunguke, unasimama, unalalia mwiko na uzito yote. Ikikumwangikia? Batu batasema tulimuchoma kilema ku moto. Hapana. Kwetu, kilema anaheshimiwa."

Na Gaston aliona hivyohivyo. Alikumbuka kilio cha Clotilde mwaka jana. Walitoa ndani ya nyumba yake kiti kimoja tu chenye mito, wakakiweka mbele karibu na wazee, wakambeba Reine wakamkalisha, wakamletea chakula yeye wa kwanza. Siku ile, katikati ya machozi, Gaston aliwaza kwa uchungu: huyu amekuja kula.

Mama Mbombo alipoondoka, Reine hakuondoka.

"Kama ni chakula, usiogope," Gaston alimwambia. "Itatosha batu yote."

Reine alimtazama kidogo, kisha akacheka peke yake. "Papa Gaston, ku hii avenyu nimeenda kilio kumi na moja. Kumi na moja yote nilikalishwa sawa bibi-arusi. Sijakata hata kitunguu moja. Nilisema asante, nikala, nikarudi."

"Sasa mubaya iko wapi? Minye nikipewa kiti nakaa."

"Mama yangu iko na miaka makumi nane na mbili. Siku atakufa, nani atakuya kunisongea?"

"Batakuya. Batakosa namna gani kuya?"

"Batakuya na huruma. Muntu wa huruma anakuya kama iko na nafasi. Lakini muntu ulimusongeaka, anakuya hata iko na homa."

Gaston alitafuta jibu, akapata lilelile la siku zote. "Hii yote ni serikali. Kama serikali ingefikiri batu ya—"

"Papa, serikali haisonge bukari ku Kikula."

Ni Clotilde tu aliyekuwa anamkata maneno namna ile.

"Nikuulize kitu," Reine aliendelea, sauti chini kidogo. "Miezi ine ya mwisho ya mama Clotilde, ulikuwa unakula bukari ya nani?"

"Ya Clotilde. Ya nani ingine?"

"Mama Clotilde hakukuwa tena na nguvu ya kushika kijiko. Weye unatoka asubuhi, minye naingia. Nakaa ku mukeka pale karibu na mbabula yenu ya kupikia, na ile sufuria yenu ndogo. Yeye analala mu kivuli, ananielekeza: ongeza, ngoja, sasa piga. Bukari ulikuta ku meza ilikuwa ya minye."

"Na hakuniambia?"

"Alikataza. Alisema ukijua mkono umebadilika, utaanza kutafuta makosa, na utayapata."

Gaston aligeuka akatazama ukuta. Miezi ile minne, alikuwa akijisifu kwa wazee wenzake barabarani kwamba ugonjwa umemnyang'anya Clotilde kila kitu, lakini mkono umemwachia. Alisema hivyo mara nyingi. Na siku ya kilio alimtazama huyu binti kwa jicho baya kwa ajili ya sahani moja.

"Jumamosi nitakupatia mwiko," alisema.

"Na Mama Mbombo?"

"Mama Mbombo haiko mwenye kilio."

*

Kutoa neno ni rahisi. Jumatano Gaston alizunguka ile sufuria kubwa kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Iliinuka juu ya vyuma vyake vitatu mpaka kiunoni mwa mtu aliyesimama. Reine akikaa chini, mdomo wa sufuria unampita kichwa. Basi, kama sufuria iko juu, na mtu apandishwe juu. Ndivyo alivyofikiri, na alijisikia ana akili. Alitafuta mbao za kitanda cha zamani, akazipigilia misumari, akatengeneza kama jukwaa la pasta. Akamwita Reine, akamsaidia kupanda. Wakatia maji na unga kidogo wa kujaribia.

Reine alipiga mwiko mara mbili, mbao zikalia. Mara ya tatu sufuria ilizunguka na mwiko, jukwaa likaenda upande wake, na moshi wote ukampanda usoni. Alishika ukingo wa jukwaa kwa mkono mmoja, mwiko kwa mwingine, macho yamefungwa, anakohoa. Na hapo ndipo Mama Mbombo alipopita kurudisha beseni.

Alisimama. Akatazama juu. Akatazama chini.

"Papa Gaston, unataka kuzika bawili mu mwaka moja?"

"Tunajaribu."

"Nimesikia. Avenyu yote imesikia." Aliweka beseni chini polepole, na Gaston akaona kwamba mama huyu ameumia kweli. "Mwiko ni ya weye kupatia, siwezi kubisha. Lakini Jumamosi batu mia moja batakuwa hapa na njaa. Bukari ikiwa maji, ao ikimwangika, aibu ni ya Clotilde. Na huyu mutoto, mu avenyu hii, hakuna mwenye atamupatia mwiko tena mpaka kufa. Ufikiri ile."

Alienda. Reine alishuka, akajifuta masizi kwa kikwembe. Hakulia, lakini hakufanya mzaha pia, na kwa Reine hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Gaston hakulala vizuri. Alfajiri ya Alhamisi, akinywa chai, alitazama mkono wake wenyewe ulioshika kikombe, mkono uliofanya kazi miaka ishirini na sita chini ya ardhi, mgodini, na jibu likaja lenyewe. Amehangaika bure kupandisha mtu. Ilifaa kushusha sufuria. Kuchimba! Kitu pekee alichokijua vizuri duniani, na hakikumjia kichwani.

Alitoa sururu na chepe. Kabla ya saa sita mchana shimo lilikuwa tayari nyuma ya nyumba, na lilikuwa shimo la kupendeza: kuta zimenyooka, mdomo wa mviringo sawasawa na tumbo la sufuria. Aliiingiza, ikakaa kama yai kwenye kiota. Alijaribu kuizungusha, ikakataa. Udongo uliishika kuliko mguu wa Mama Mbombo. Gaston alizunguka shimo lake mara tatu, akitamani kungekuwa na mtu wa kumwonyesha.

Reine alikuja saa nane. Walitia makala, yaani makaa ya kupikia, yaliyowaka vizuri, wakashusha sufuria yenye maji, wakangoja. Wakangoja tena. Maji hayakusema kitu. Gaston aliinua sufuria kwa vitambaa, akachungulia. Makala yalikuwa meusi, yamekufa.

"Makala mubaya," alisema. "Wanatuuzisha makala ya mbichi, na wakubwa banaangalia tu."

Reine alikuwa ameanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Papa. Papa Gaston. Na weye ulifanyaka mu mine."

"Sasa?"

"Hewa."

Gaston alibaki ameshika vile vitambaa. Avenyu nzima ilijua hadithi yake ya hewa. Aliisema kwenye kila kilio na kila harusi. Namna wakubwa wa kampuni walivyochora galerie, njia ya mgodini, ya chini kabisa wakiwa wamekaa ofisini, wakasahau njia ya hewa. Namna Kalombo, rafiki yake, alivyotolewa mle amebebwa kama gunia, na tangu siku ile kifua chake hakikupona. "Bakubwa wanachora shimo," Gaston alizoea kumaliza, "lakini hawaulize mwenye ataingia mule." Aliisema miaka thelathini. Na leo, mara ya kwanza maishani kuwa mkubwa wa shimo, amelifunga kwa sufuria kama kifuniko.

Alikaa chini kwenye udongo aliouchimba.

"Sikukuuliza," alisema.

"Hapana."

"Sawa. Nakuuliza. Mkono yako inafika wapi?"

Reine aliacha kucheka. Alishuka kwenye baiskeli, akajiburuta mpaka ukingoni mwa shimo, akakaa, miguu ameilaza upande. Akanyoosha mikono. "Ulichimba kwa mikono ya nani?"

"Yangu."

"Njo ile. Sufuria imezama sana. Ipande kama viganja bibili, mdomo yake ifike hapa, ku tumbo. Minye unikalishe ku gunia ya mchanga, isiteleze. Na moto unaniangalia ku magoti: hii miguu haitembei, lakini kuungua inasikia. Weka ukuta ya udongo upande yangu."

"Na upepo?"

"Upepo unatoka ku lupango ya shefu wa avenyu."

"Hata upepo unatoka kwake," alisema Gaston, na walicheka wote wawili.

Ijumaa nzima alifanya kazi. Alirudishia udongo, akajenga ukuta wa upande wa Reine, na kutoka upande wa upepo akachimba njia ya mteremko, upana wa shubiri mbili, inayoingia mpaka chini ya makala. Aliifunika kwa vipande vya bati, akaacha mdomo wazi kwa nje. Galerie ndogo. Jioni aliwasha. Makala yalivuta pumzi, yakawa mekundu kama yanaona haya. Maji yalichemka kabla Reine hajamaliza kumweleza habari za mteja wake asiyejua kipimo cha kiuno chake.

*

Jumamosi watu walijaa. Pasta aliomba, aliomba sana, mpaka wengine wakafungua jicho moja kutazama moshi. Kisha Reine akaitwa, maana ndiye aliyekishona kile kitambaa cheusi mwaka uliopita, akakata uzi kwa wembe, kitambaa kikatoka. Gaston alihisi mkono wake mwepesi, akaushika palepale kwa mkono mwingine, asijue aufanyie nini.

Mwiko ulimsaidia. Aliuchukua. Mama Mbombo alisimama mbele ya wanawake, mikono kifuani, uso kama mlango wa ofisi siku ya sikukuu.

"Minye si muntu wa maneno mingi," alianza Gaston, na mtu mmoja nyuma akakohoa kwa nguvu. "Wakati Clotilde alishindwa kunisongea, kuna mwenye alinisongea miezi ine. Sikujua. Nilimuangalia mubaya ku kilio. Sasa najua." Akainama, akampa Reine mwiko kwa mikono miwili.

Walimkalisha kwenye gunia la mchanga. Maji yalikuwa yanaruka. Alitia unga, akakoroga, akafunika, akangoja, akatia tena. Kisha akaanza kusonga kwenyewe. Mikono iliyozungusha baiskeli kwenye mashimo yote ya Kikula kwa miaka ishirini iliingia kazini, na sufuria haikuyumba hata kidogo. Wanawake walisogea. Ulisikia mwiko tu, na bukari inavyohema.

Jean-Claude, shefu wa avenyu, alifika wakati huo, amevaa koti, simu mkononi. Alikuwa hajui lolote la shimo, lakini alipoona watu wanatazama, alisimama mbele na kuanza. "Njo vile komini inapenda. Kusaidia bilema. Minye kama shefu, nilisemaka zamani..." Akapiga picha. Akasogea upande, akapiga nyingine.

"Moto unapunguka," alisema Reine bila kuinua kichwa.

Na kweli, mvuke ulipungua. Unga ulikuwa umetiwa nusu. Bukari ikipoa nusu njia, haitengenezeki tena. Mama Mbombo alishusha mikono yake kifuani. Gaston alipiga magoti, akachungulia makala: yanafifia. Akafuata galerie yake kwa macho, kipande cha bati kwa kipande, mpaka mdomoni. Mdomoni palikuwa na viatu viwili vyeusi, vimepakwa dawa vizuri, na koti lililoshuka mpaka karibu na ardhi.

"Shefu," alisema Gaston taratibu, "unasimama ku hewa ya batu."

Jean-Claude alitazama chini. Aliruka pembeni kama aliyekanyaga siafu. Makala yalivuta pumzi moja ndefu, na watu wakacheka mpaka pasta akalazimika kukaa. Gaston hakucheka. Alifurahi tu, furaha ya miaka thelathini, na akaikunja vizuri ndani yake kwa ajili ya kilio kinachofuata, maana hadithi yake ya hewa ilikuwa imepata mwisho.

Bukari iliiva. Mama Mbombo alimega tonge, akalifinya, akalitafuna akitazama mbali. Reine aliushika mwiko kwa mikono yote miwili kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya.

"Imekuwa nguvu sana," alisema Mama Mbombo.

"Ni ya mama Clotilde ile."

"Clotilde na yeye alikuwa anatuvunjaka meno, Mungu amupumzishe. Na unga umetia mingi mara moja. Halafu unasonga upande moja tu, sawa unaendesha ile kinga yako ya magurudumu tatu. Usonge pande zote. Nani alikufundisha?" Alimgeukia mwanamke mwingine bila kungoja jibu. "Munaangalia nini? Leteni sahani, batu wana njaa."

Gaston alikula, na bukari ilikuwa ileile. Alipomaliza alitafuta ule uso wa Reine mbele, karibu na wazee, akakumbuka kwamba hayupo pale. Kwenye kiti chenye mito alikuwa amekaa Jean-Claude. Gaston alienda nyuma ya nyumba. Hakuna aliyekuwa amempelekea Reine sahani. Alikuwa kati ya wanawake, masizi mpaka kwenye shavu, wanagombania ukoko wa sufuria ya kwanza kwa vijiko, na Mama Mbombo anampiga mkononi: "Acha ile, weye umekula upande yako."

*

Wiki tatu baadaye dada mkubwa wa mume wa Mama Mbombo alifariki. Asubuhi, Gaston akiwa anapiga mswaki, alisikia sauti ya kusimamisha treni kwenye lupango la nne.

"Reine. Weye Reine. Jua imetoka na weye ungali mu nyumba? Sufuria ya pili ni ya weye, nani atakungoja? Na usinivalie ile nguo ya harusi. Vaa ya moto."

"Nakuya, mama."

"Kila siku nakuya, nakuya."

Kisha hatua nzito zikasogea, mlango wa bati wa Gaston ukalia, na kichwa cha Mama Mbombo kikaingia.

"Na weye, muzee, unangoja nini? Kwetu udongo ni ya mawe, na shimo ya sufuria haijachimbwa. Lete sururu."

"Udongo ya mawe," alisema Gaston na povu mdomoni. "Walipima hizi malupango wakiwa mu ofisi." Lakini sururu ilikuwa tayari imeegemezwa mlangoni, tangu jana. Aliiweka nyuma ya baiskeli ya Reine, na wakapanda avenyu pamoja, yeye akihukumu wakubwa, Reine akizungusha, mpaka Reine alipomuuliza kama atachimba ao ataendelea kusema.